Mtele na Mchele: Lugha Mbili, Wavulana na Wasichana katika Masomo ya Mji wa Kale wa Mombasa

Utangulizi

Jina la Marikiti lenyewe ni somo la uwililugha. Watawala wa Kiingereza walilipa soko hilo, lililo ukingoni mwa Mji wa Kale kando ya barabara ya Digo, jina la Mackinnon. Wenyeji hawakumshughulikia bwana huyo. Walilitwaa neno la Kiingereza lenye maana ya soko, wakaipa kila konsonanti irabu yake kama muundo wa silabi za Kiswahili unavyotaka, likawa marikiti. Na leo hakuna mtoto wa kisiwani anayelihisi kuwa neno la kigeni.

Mtoto huyo akitumwa na mamake kununua nazi na bizari, hupita katika lugha nne au tano kabla hajarejea nyumbani. Muuza mboga huzungumza na mwenziwe Kidigo au Kigiriama, mwenye duka la viungo humwita mwanawe kwa Kikachi, wazee walioketi kwa kahawa huamkiana kwa Kiarabu, mwenye mkokoteni huomba njia kwa Kiswahili cha bara, na huko nyumbani anakorejea ni Kimvita. Afikapo miaka saba huwa amekwisha kujua nani aambiwe nini kwa lugha ipi. Hakuna aliyemkalisha chini akamfundisha, wala hakuna anayelihesabu jambo hilo kuwa elimu.

Katika midahalo ya elimu nchini Kenya, swali la lugha ya kufundishia na swali la kuwasomesha wavulana na wasichana pamoja hujadiliwa mbali mbali, la kwanza na wanaisimu, la pili na wazazi na viongozi wa dini. Makala haya yanashikilia kuwa Mombasa maswali hayo mawili ni swali moja, kwa kuwa historia ya mji huo iliwagawia watoto lugha kwa jinsia zao: mvulana akapewa ufunguo wa lugha ya pili, msichana akaachiwa ulinzi wa lugha ya kwanza. Thamani ya kusoma kwa lugha mbili, katika darasa moja la wote, haionekani vizuri mpaka mgawanyo huo ueleweke.

Chuo kabla ya shule

Neno chuo, ambalo msomaji wa leo hulihusisha na chuo kikuu, kwa watu wa pwani lilikuwa na bado ni mahali mtoto anaposomeshwa Kurani. Katika vyuo vya mitaani watoto wadogo, wa kiume na wa kike, waliketi jamvi moja mbele ya mwalimu mmoja, na mara nyingine mwalimu huyo alikuwa mwanamke asomeshaye nyumbani kwake. Walijifunza herufi za Kiarabu, lakini amri, maelezo, karipio na sifa vyote vilitoka kwa Kiswahili. Kwa maneno ya kitaalamu, hilo lilikuwa darasa la lugha mbili na la jinsia mbili, tena karne kadhaa kabla ya mtaala wowote kuandikwa.

Matunda yake yanajulikana kwa kila mwanafunzi wa fasihi. Maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu yalichipuka katika mazingira hayo, na wanawake hawakubaki nje. Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858, hakuwa kioja katika zama zake. Alikuwa mtu wa jamii ambayo msichana wa nyumba yenye uwezo aliweza kusoma na kuandika.

Hata hivyo, haifai kukipamba chuo kuliko kilivyokuwa. Kiarabu kilisomwa zaidi kwa kukariri, na wengi walikifunga kitabu bila kuelewa walichokisoma. Aidha, kuchanganyika kwa watoto kulikoma walipokaribia balehe. Hapo msichana aliingizwa katika utawa, na masomo yake, kama yaliendelea, yakaendelea ndani ya nyumba. Kilicho muhimu kwa hoja ya makala haya ni kwamba anayedai kuwa kusoma kwa lugha mbili ni jambo la juzi, au kuwa mvulana na msichana wadogo kuketi darasa moja ni mila ya kigeni, hana ushahidi wa historia ya Mombasa upande wake. Methali ya mwacha asili ni mtumwa hutajwa sana katika mdahalo huu, na wanaoitaja aghalabu hawakuiuliza asili yenyewe ilikuwa vipi.

Miaka 26

Serikali ya kikoloni ilifungua shule ya wavulana wa Kiarabu mjini Mombasa mwaka 1912. Shule ya wasichana wa Kiarabu ikafunguliwa mwaka 1938. (Majina hayo ya Kiarabu yana kisa chake, kwani ukoloni ulipanga watu kwa kabila kabla ya kuwapa chochote, na Waswahili wa Thenashara Taifa walihangaika miaka mingi kutafuta nafasi yao katika mpango huo.) Baina ya lango moja na jingine kuna miaka 26, muda wa kutosha kwa mvulana aliyeanza mwaka 1912 kuoa, kuzaa na kumpeleka mwanawe wa kiume katika shule ile ile, ilhali dada yake hajaona ubao. Unguja haikuwa tofauti sana: shule ya serikali ya wasichana ilianza huko mwaka 1927, baada ya wavulana kutangulia kwa takriban miongo miwili.

Muda huo haukuwa wa kusubiri tu. Katika miaka hiyo lugha ziligawanywa. Mvulana alijifunza Kiingereza, na Kiingereza kikampeleka forodhani, mahakamani, katika ofisi za serikali na kampuni za meli. Dada yake alibaki na Kiswahili cha nyumbani, tena Kimvita safi kabisa, kwa kuwa hakutoka kwenda kuchanganyika na wageni. Na hata shule ya wasichana ilipokuja, ushoni na usimamizi wa nyumba vilikuwa sehemu kubwa ya mafunzo ya shule za aina hiyo katika makoloni. Basi katika nyumba moja ya Kibokoni kaka akawa na lugha ya mshahara na dada akawa na lugha ya utendi, nyimbo za arusi na majina ya leso. Watafiti wa baadaye waliofika Mombasa kutafuta Kiswahili cha kale waliwaendea wanawake. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini ilikuwa pia bei ya kufungiwa mlango.

Aliyeuona mushkili huu mapema ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947, ambaye mwaka 1937 aliteuliwa kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwaka 1930 alianzisha gazeti la Sahifa, lililoandikwa kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah kwa Kiarabu na Kiswahili pamoja. Kwamba mwanachuoni aliyetaka kuurekebisha mji wake alichagua kuchapa lugha mbili katika gazeti moja ni jambo la kutafakariwa na kila mwanafunzi wa isimujamii. Sheikh huyo aliwakemea Waislamu wa pwani kwa kubaki nyuma katika elimu, akasisitiza kuwa elimu ya watoto wa kike ni wajibu, na wakati huo huo akapinga vikali kuigwa kwa mienendo ya Wazungu. Hakuwa mtetezi wa shule mseto, na si haki kumvisha kanzu isiyokuwa yake. Alilolikataa ni ule uchaguzi wa mambo mawili ambao shule za wakati wake ziliwalazimisha wazazi: mtoto awe na dini yake na ujinga, au awe na elimu bila dini. Uchaguzi huo huo, kwa sura ya lugha, bado unawakabili wazazi wa Mji wa Kale.

Kosa lenye heshima

Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe, iliamuliwa kuwa Kiunguja ndicho kitakachokuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Wamishonari waliokuwa wamekitegemea Kimvita katika tafsiri zao walishindwa katika mdahalo huo. Uamuzi wenyewe ulikuwa na manufaa yake na makala haya hayaufufui ugomvi uliokwisha. Linalohusu hapa ni mtoto.

Mtoto wa Mji wa Kale hula mtele kwa mtuzi, huchezea mtanga, huogopa ndaa, hufuata ndia, na hutazama kwa mato. Katika Kiswahili sanifu, maneno hayo ni mchele, mchuzi, mchanga, njaa, njia na macho. Tofauti zenyewe zina utaratibu: penye ch ya sanifu, Kimvita katika mengi ya maneno haya kina t, na penye nj kina nd. Mwanaisimu huliona hilo kuwa ulinganifu wa sauti na hulifundisha kwa furaha. Mwalimu wa darasa la nne, ambaye yamkini ametoka bara na hajapata kuambiwa habari ya lahaja, huona makosa sita ya tahajia katika mistari mitatu.

Matokeo yake ni jambo la ajabu ambalo wanafunzi wa vyama vya Kiswahili wanapaswa kulitazama bila aibu. Mtoto aliyelelewa katika mojawapo ya chimbuko za lugha hii anaweza kukatwa alama za Kiswahili kwa sababu anasema Kiswahili. Neno mato likiandikwa na mtoto huyo katika insha hupigwa mstari mwekundu. Likipatikana katika mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, hupewa mhadhara wa saa mbili chuo kikuu. Baina ya darasa la nne na mwaka wa pili wa shahada, kosa limekuwa johari.

Jambo hili lina uzito zaidi kuliko kuonea huruma lahaja. Tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi chini ya mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, alama zake zilichangia kuamua ni nani atakwenda sekondari ipi, hadi mtihani wa KCPE ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtoto aliyefikishwa mahali pa kuamini kuwa lugha ya mamake ni mbovu hakukimbilia Kiswahili sanifu. Alikimbilia Kiingereza, ambako angalau wote walikuwa wageni sawa.

Lugha ya kuongeza na lugha ya kupunguza

Wataalamu wa uwililugha wametofautisha njia mbili za kujifunza lugha ya pili. Katika ya kwanza, lugha mpya huongezwa juu ya ile iliyopo. Katika ya pili, lugha mpya huingia na kuisukuma ile ya kwanza nje. Wallace Lambert, aliyefuatilia watoto wa Kanada waliosomeshwa kwa Kifaransa katika mji wa Saint-Lambert kuanzia mwaka 1965, alionyesha kuwa watoto hao hawakupoteza Kiingereza chao, kwa kuwa nyumbani na mjini kilikuwa na heshima kamili. Jim Cummins, mwaka 1979, akaeleza kuwa ujuzi wa kufikiri na kusoma uliojengwa kwa lugha moja huhamia katika nyingine, ila tu iwapo ile ya kwanza imefikia kiwango fulani cha ukomavu. Na barani Afrika, mradi wa Ife nchini Nigeria, ulioanza mwaka 1970, ulisomesha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya shule ya msingi huku Kiingereza kikifundishwa vizuri kama somo, na watoto hao hawakushindwa na wenzao, hata katika Kiingereza chenyewe.

Kenya ilichukua mkondo mwingine. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza Kiingereza tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ikairejesha lugha ya mazingira ya mtoto katika madarasa matatu ya mwanzo. Kwenye karatasi, basi, mtoto wa Kibokoni ana haki ya kuanza kwa Kiswahili. Mtaani, shule za binafsi huvutia wazazi kwa ahadi ya Kiingereza tangu chekechea, na mzazi anayelipa karo kwa shida huona fahari mwanawe akihesabu kwa Kiingereza mpaka ishirini, ingawa hajui ishirini ni kumi ngapi. Mzazi huyo hana kosa. Ameona kwa macho yake ni nani aliyepata kazi bandarini. Kosa ni kumwaminisha kuwa Kiingereza hununuliwa kwa kukiuza Kiswahili.

Mfano wa mwaka 1986

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa pwani walisikitishwa na uchache wa watoto wao katika sekondari na vyuo vikuu, wakamwendea Aga Khan kuomba msaada. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa tatizo halikuanzia mlangoni mwa chuo kikuu, lilianzia utotoni. Kazi hiyo ilikabidhiwa mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said, na mwaka 1986 shule ya kwanza ya awali ya mpango wa Madrasa ikafunguliwa mjini humo. Mpango ukafika Unguja mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na shule zake zimepita 200.

Ubora wa mpango huo unatokana na mambo ya kawaida kabisa. Shule ni ya mtaa na inasimamiwa na kamati ya mtaa. Walimu ni wanawake wa hapo hapo, waliofunzwa kazi na kurejeshwa kwa watoto wanaowajua wazazi wao. Mafunzo ya dini na mafunzo ya shule yamo katika ratiba moja, kiasi kwamba mzazi halazimiki kuchagua. Vifaa vya kuchezea na kuhesabia ni vifuu, kombe za pwani, mbegu na vigae vya mbao. Lugha ya darasa ni ile ya watoto, ambayo Mombasa ni Kiswahili, na Kiarabu na Kiingereza huingia juu yake. Wavulana na wasichana huketi duara moja, wakajenga nyumba moja ya vifuu na kugombana juu yake.

Utafiti wa Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg uliochapishwa mwaka 2008, uliowalinganisha watoto wa Kenya, Unguja na Uganda, ulionyesha kuwa waliohudhuria shule za awali walikua kiakili zaidi ya waliobaki nyumbani, na wale wa Madrasa walipiga hatua zaidi ya wenzao wa shule nyingine za awali. Kwa macho ya msomaji wa historia, hata hivyo, kuna jambo jingine linalopendeza vilevile: mwanamke wa Mji wa Kale, yule ambaye ukoloni ulimwachia Kiswahili na kumnyima shule, amerudi kuwa mwalimu kwa nguvu ya Kiswahili hicho hicho. Mrithi wa yule aliyesomesha chuo nyumbani kwake sasa ana ubao, daftari la mahudhurio na cheti.

Mseto baada ya utoto

Kwa watoto wadogo, basi, ugomvi si mkubwa. Ugomvi huanza miaka ya kumi na miwili, na hapa sifa za jumla hazitoshi. Mombasa, kama kwingineko nchini, sekondari zenye jina kubwa ni za jinsia moja: Allidina Visram ya wavulana, Star of the Sea ya wasichana. Zipo tafiti zinazoonyesha msichana akifanya vizuri zaidi peke yake, na zipo zinazoonyesha kuwa tofauti hiyo hupungua sana uwezo wa wazazi na rasilimali za shule zinapozingatiwa. Utafiti wa Cynthia Lloyd, Barbara Mensch na Wesley Clark katika wilaya tatu za Kenya, Kilifi ikiwa mojawapo, uliochapishwa mwaka 2000, una faida zaidi kwa kuwa unatazama ndani ya shule za msingi zenye mseto. Uliona kuwa kuacha masomo kwa wasichana kunahusiana na mwenendo wa shule kwao: iwapo walimu wanaamini kuwa hisabati ina umuhimu kwa msichana, iwapo anapata ushauri, iwapo anatendewa sawa na mvulana.

Kwa hiyo woga wa mzazi wa Mji wa Kale haupaswi kubezwa kuwa ushamba. Anauliza vyoo viko wapi, nani anakaa na watoto baada ya kengele, mwalimu anamwitaje bintiye. Maswali hayo yana majibu yanayopimika, na shule isiyoweza kuyajibu haijawa mseto, imekuwa mkusanyiko. Lakini shule inayoyajibu humpa msichana kitu ambacho ukuta haumpi. Lugha ya pili haijifunzwi kwa kusikilizwa tu. Hujifunzwa kwa kubishana, kuuliza, kukosea mbele ya watu na kurudia. Msichana aliyezoea kuwa kaka yake ndiye msemaji wa Kiingereza katika nyumba anahitaji mahali ambapo atamsahihisha mvulana hadharani na dunia isianguke. Mvulana naye anahitaji kusikia Kiswahili chenye hadhi kutoka kwa msichana anayekijua kuliko yeye.

Nani analipa

Mwaka 2003 ulileta mambo mawili Mombasa. Mwezi Januari elimu ya msingi ilifanywa bila malipo, na madarasa ya shule za umma yakafurika. Mwishoni mwa mwaka huo huo ikafunguliwa Aga Khan Academy, shule mseto ambayo madarasa yake ya chini hufundishwa kwa Kiingereza na Kiswahili pamoja, kwa mpango uliofikiriwa na walimu waliotayarishwa. Shule hiyo ina ufadhili kwa baadhi ya wanafunzi, lakini karo yake si ya muuza mchicha. Hivyo imetokea kuwa, katika kisiwa ambacho mtoto maskini huzaliwa na lugha mbili, kufundishwa kwa lugha hizo kwa utaratibu kumekuwa bidhaa ya gharama.

Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Tangu Januari 2023 madarasa ya sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, yamewekwa ndani ya shule za msingi, nazo nyingi ni mseto. Maana yake ni kuwa msichana wa Mji wa Kale, ambaye zamani angeondoka shule mseto baada ya darasa la nane, sasa anaendelea humo mwaka mmoja zaidi, katika umri ule ule ambao wazazi huwa na wasiwasi mkubwa. Uamuzi huo ulifanywa kwa sababu za majengo na usalama wa watoto, si kwa nadharia ya jinsia wala ya lugha. Lakini umekwisha kufanywa, na watoto wamo madarasani.

Mwalimu wa mazoezi atakayepelekwa katika shule hizo atakuta kuwa mtaala wa umilisi unampa nafasi ya kutathmini kazi za darasani kwa mizani pana kuliko ule mtihani wa zamani wa kuchagua herufi. Akikutana na neno mtele katika insha, anaweza kuchora safu mbili ubaoni, mtele upande huu na mchele upande ule, na kulitaka darasa zima, wavulana kwa wasichana, lilete maneno mengine ya namna hiyo kutoka kwa nyanya zao. Kwa muda wa kipindi kimoja watakuwa wamegundua wenyewe kanuni ya sauti ambayo mwalimu aliisoma mwaka wa pili. Safu ya tatu, ya Kiingereza, inaweza kuongezwa kesho yake.